Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe: Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na Mabadiliko ya Tabianchi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime. Kwa kawaida methali hii huelekezwa kwa mgeni, ili akumbuke kwamba chakula anachopakuliwa kimelimwa na watu. Katika insha hii nataka kuielekeza kwa mwenyeji. Kwa muda mrefu vyuo vikuu vyetu hapa Uganda vimemchukulia mwanafunzi, katika suala la mabadiliko ya tabianchi, kama mgeni wa siku ya kwanza. Hukaribishwa ukumbini, hupewa kiti, chupa ya maji na fulana yenye maandishi ya kijani, hupigwa picha pamoja na mgeni rasmi, kisha hushukuriwa kwa kuhudhuria. Jembe hapewi. Jioni taarifa huandikwa kwamba vijana wameshirikishwa.

Napinga taarifa hiyo. Kuhudhuria si kushiriki. Mwanafunzi ameshirikishwa pale tu anapopewa sehemu ya kazi yenyewe, kazi ambayo kuna mtu nje ya chuo anaisubiri, na kazi hiyo ikawa ndani ya masomo yake na kupewa alama. Kinyume cha hapo ni karamu, na karamu haijawahi kupunguza mafuriko.

Tuanze na miti, maana ndiyo ibada yetu kuu. Kila mwaka vyuo na mashirika hutangaza siku ya kupanda miti. Mara nyingi tarehe huchaguliwa kwa kufuata ratiba ya mgeni rasmi, si kwa kufuata mvua. Mashimo huwa yamekwisha kuchimbwa na vibarua. Mwanafunzi hushika mche, hutabasamu, huufukia, huondoka. Nani ataumwagilia Januari? Nani atazuia mbuzi? Ni mti wa aina gani, na kwa nini mkaratusi upandwe karibu na chemchemi ilhali wakulima wanajua unavyofyonza maji? Maswali haya hayaulizwi kwa sababu idadi inayotangazwa ni ya miche iliyopandwa. Mkulima wa kahawa angetucheka. Yeye huhesabu miche iliyosalia baada ya kiangazi cha kwanza.

Siuchukii mti. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba misitu ilifunika takriban asilimia 24 ya ardhi ya Uganda mwaka 1990, na kufikia mwaka 2015 ilikuwa imebaki takriban asilimia 9. Hili ni balaa. Lakini misitu hiyo haikutoweka kwa sababu Waganda hawakuwahi kuelezwa faida ya mti. Ilikatwa ili kupata mashamba, mbao, kuni na makaa. Karibu asilimia 90 ya nishati inayotumika nchini hutokana na kuni, makaa na mabaki ya mimea. Kupanda mche asubuhi mbele ya kamera na kurudi hosteli jioni kupikia makaa ni kuteka maji kwa pakacha. Shida iko jikoni, na jikoni hakuna mgeni rasmi.

Halafu zipo warsha. Kwetu Uganda neno posho lina maana ya ugali. Katika Kiswahili sanifu ni fedha anayopewa mtu kwa ajili ya kikao au safari. Kwenye warsha za tabianchi maana zote mbili hukutana mezani. Mada ni ileile, nafasi ya vijana katika kupambana na mabadiliko ya tabianchi, na wasemaji hutukumbusha kwamba sisi ni viongozi wa kesho. Maswali hupewa dakika chache kabla ya chakula. Mwishoni husomwa maazimio ambayo yalikuwa yamechapwa kabla hatujafika. Mtu ambaye maazimio yake yameandikwa kabla hajafungua mdomo hajashirikishwa. Ametumiwa kujaza viti.

Wakati sisi tunajaza viti, mambo yenyewe hayangoji kesho. Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa, kwenye miteremko ya Elgon, ukafukia kijiji cha Nametsi na mamia ya watu wakafa au kupotea. Oktoba 2018 Bududa ililia tena. Novemba 2024 ilikuwa zamu ya Bulambuli. Upande wa magharibi, mto Nyamwamba ulifurika Kasese Mei 2013, na Mei 2020 ukarudi na kuharibu hospitali ya Kilembe. Juu ya mto huo, barafu ya milima ya Rwenzori, iliyokuwa na eneo la kilomita za mraba kama 6.5 mwaka 1906, leo haifiki hata kilomita moja ya mraba. Mei hiyohiyo ya 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu ya rekodi ya mwaka 1964, likameza fukwe, nyumba na masoko ya samaki. Na tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa takataka wa Kiteezi nje kidogo ya Kampala uliporomoka na kuua zaidi ya watu 30.

Sisemi kwamba kila moja ya maafa haya limeletwa na joto la dunia peke yake. Kiteezi kulikuwa na uzembe wa binadamu. Kasese kuna mabaki ya mgodi na mashamba yaliyosogea hadi ukingoni mwa mto. Lakini mvua inayozidi kuwa kali hukuta makosa yetu ya zamani na kuyageuza kuwa vifo. Hapo ndipo chuo kikuu kinapohitajika, kwa kuwa makosa hayo yanaweza kupimwa, kuchorwa, kuhesabiwa bei na kurekebishwa. Na chuo kikuu kina nini cha kufanyia kazi hiyo? Kina maprofesa wachache, fedha kidogo, na wanafunzi maelfu kwa maelfu.

Maelfu hao tayari wanafanya utafiti. Hili ndilo jambo linaloniudhi zaidi. Katika vyuo vyetu vingi hakuna anayepata shahada bila kuandika ripoti ya utafiti ya mwaka wa mwisho, na wengi hutumwa kwenye mafunzo kazini wakati wa likizo ndefu. Kila mwaka, basi, nchi hii huzalisha maelfu ya ripoti za wanafunzi. Zinaenda wapi? Nakala moja hubaki idarani, nyingine maktabani, ya tatu nyumbani kwa wazazi. Vumbi huzisoma zote tatu. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine huchagua mada ileile katika kijiji kilekile, hugawa hojaji ileile kwa wakulima walewale waliochoka kujibu, na hufikia hitimisho lilelile kwamba serikali iongeze uhamasishaji. Mkulima aliyepoteza asubuhi yake haletewi jibu hata siku moja.

Hiyo ndiyo nguvukazi tuliyo nayo, na tunaitumia kuchafua karatasi. Hatuhitaji kuunda chama kipya cha wanafunzi cha mazingira chenye mwenyekiti, makamu na mweka hazina. Kazi ipo, wafanyakazi wapo, muda umetengwa kwenye ratiba na alama zimetengwa kwenye mtaala. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha kazi hiyo na tatizo la kweli.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu kidogo, kwa kuwa wengi wetu tuliula mfano huo kwa miaka sita. Shule nyingi za bweni Uganda hupika posho na maharagwe kwa kuni. Maharagwe makavu huchemka kwa saa nyingi, na lori la kuni huingia getini muhula baada ya muhula. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, moto ulio wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pembeni mwa sufuria, na mpishi hukohoa mwaka mzima. Uliza chuo chochote: shule ya wanafunzi elfu moja katika wilaya hii hutumia kilo ngapi za kuni kwa wiki? Kuni hizo hutoka msitu gani? Zingepungua kwa kiasi gani kama maharagwe yangelowekwa usiku kucha, kuni zingekaushwa chini ya paa kwa miezi michache, na jiko lingejengewa kuta na bomba la moshi? Gharama ya jiko hilo ingerudi baada ya mihula mingapi?

Kila swali hapo lina idara yake. Mwanafunzi wa uhandisi apime jiko. Wa misitu afuate lori hadi linakotoka. Wa uchumi apige hesabu za bei ya kuni na mkopo wa jiko. Wa afya asikilize vifua vya wapishi. Wa ualimu, ambaye kwa vyovyote vile atatumwa shuleni kufundisha kwa majaribio, aingie jikoni akiwa na mzani. Tukiwatuma wote katika shule mia moja za wilaya chache, mwisho wa mwaka tungekuwa na jambo ambalo mwalimu mkuu, bodi ya shule na wizara wanaweza kulitumia. Hakuna maabara ya mamilioni inayohitajika. Unahitajika mzani, daftari na msimamizi anayesoma kile alichokabidhiwa.

Si ndoto. Vanessa Nakate, aliyesomea biashara katika Chuo cha Biashara cha Makerere na kuanza kugomea barabarani Kampala Januari 2019 kwa ajili ya tabianchi, hakuishia kwenye mabango. Mradi aliouanzisha huweka paneli za sola na majiko yanayookoa kuni katika shule. Dunia inamkumbuka zaidi kwa ile picha ya Davos ya Januari 2020, ambayo shirika moja la habari lilimkata na kuwaacha vijana wenzake wa Ulaya. Sisi wenyewe tungemkumbuka zaidi kwa majiko. Na tungejiuliza kwa nini kazi kama hiyo ilimbidi mhitimu aitafutie njia mwenyewe nje ya chuo, wakati ingeweza kuwa zoezi la darasani la mwaka wa pili.

Mahali ambapo wanafunzi wamepewa jembe, wamelima. Novemba 2011 Makerere ilionyesha Kiira EV, gari dogo la umeme la viti viwili lililoundwa na wanafunzi pamoja na wahadhiri wao wa uhandisi, chini ya Profesa Tickodri-Togboa. Wengine walicheka kwamba ni mchezo wa watoto. Februari 2016 likafuata basi la Kayoola lenye paneli za sola juu ya paa, na leo kuna kampuni ya taifa na kiwanda cha mabasi Jinja. Chuo hichohicho kilianzisha AirQo mwaka 2015, mradi wa vifaa vya kupimia uchafu wa hewa vya bei nafuu vinavyoundwa papa hapa Kampala, vinavyostahimili vumbi na joto letu, na ambavyo vimefungwa hata kwenye boda boda. Hakuna kati ya hivi kilichozaliwa na azimio la warsha. Vilizaliwa pale ambapo mwanafunzi alipewa tatizo, vifaa, na mtu wa kumwambia kesho asubuhi urudi.

Na jirani zetu wa Kenya wanatupa somo kwa upande wa wahadhiri. Wangari Maathai alikuwa mhadhiri wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Angeweza kubaki na darubini yake. Badala yake aliwasikiliza wanawake wa vijijini waliokuwa wakilalamikia kuni, maji na udongo, na mwaka 1977 akaanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani. Wanawake wale walitunza vitalu vyao wenyewe na kulipwa kidogo kwa miche iliyoshika, si kwa miche iliyofukiwa. Tunalitaja jina lake kwenye kila sherehe ya miti, na kila sherehe inasahau sharti hilo.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana wapo na hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza husema kwamba Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya gesi zinazoongeza joto duniani, kwa hiyo tatizo ni la wenye viwanda na watulipe fidia. Kwamba wanadaiwa, nakubali, na wanafunzi wa sheria na wa uhusiano wa kimataifa wajifunze kudai deni hilo kwa hesabu kamili. Lakini deni halizuii mlima usiporomoke. Hata wakilipa kesho, lazima kuwe na mtu hapa anayejua ni nyumba zipi za Bududa ziko kwenye ufa na ni njia ipi ya kukimbilia. Na hapo ndipo tunapoona kwamba sayansi ya udongo peke yake haitoshi. Kwa nini watu hubaki kwenye mteremko wanaojua kwamba utaporomoka, na kwa nini baadhi ya waliohamishiwa Kiryandongo baada ya 2010 walirudi? Waulize: udongo wa volkano wenye rutuba, kahawa inayolipa karo, makaburi ya wazee, jando la imbalu linalomfunga mtu na mlima wake. Hayo ni maswali ya mwanafunzi wa sosholojia, wa historia, wa dini na wa lugha. Asiyeyajua atajenga kijiji kizuri ambacho hakuna atakayehamia.

Wa pili husema ngoma ya watoto haikeshi: wanafunzi hukaa miaka mitatu au minne kisha huondoka, hawawezi kupewa jambo zito. Ni kweli tunaondoka. Lakini idara haiondoki, kijiji hakiondoki, na daftari la vipimo halina haja ya kuondoka. Kama kila kundi lingekabidhi takwimu zake kwa kundi linalofuata, kwa kipimo kilekile na mahali palepale, baada ya miaka kumi idara ingekuwa na kumbukumbu ya mto au shamba ambayo mshauri wa kukodi hawezi kuipata kwa wiki mbili zake. Kupita kwetu kunageuka hasara pale tu ambapo kila mmoja analazimishwa kuanza upya.

Wa tatu husema hakuna fedha. Zipo za fulana. Zipo za mahema, za vipaza sauti na za chakula cha mgeni rasmi. Naomba tu bajeti ya sherehe moja ibadilishwe kuwa nauli na mizani, tuone.

Wa nne husema jambo hili litaingiza siasa chuoni. Wanaogopa hasa mafuta. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linatoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na wanafunzi wana maoni tofauti juu yake. Wapo wanaoona barabara, ajira na kodi. Wapo wanaoona ardhi ya watu, wanyama wa Ziwa Albert na hewa ukaa. Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa Kampala walipoandamana kuelekea ofisi ya Umoja wa Ulaya kwa ajili ya jambo hilo, wakapelekwa rumande. Sitaki kumlazimisha msomaji achague upande. Nasema chuo kinachomwita mwanafunzi kupanda mche na kumnyamazisha anapouliza juu ya bomba kinamfundisha adabu ya mgeni, kwamba mgeni haulizi kilicho chunguni. Kama mahali pa swali hilo si darasani, mbele ya ripoti za tathmini ya mazingira, mikataba na hesabu za mapato, litakuwa barabarani. Isitoshe, Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 yenyewe inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu dhidi ya serikali, mtu binafsi au kampuni ambayo kitendo chake kinahatarisha juhudi za kukabiliana na tatizo hili. Sheria imetupa mlango. Itakuwa ajabu chuo kiufunge.

Wanafunzi wenzangu, msifurahie sana, kwa maana sehemu ya lawama ni yetu. Mgeni anayependa kiti huwa haulizi jembe liko wapi. Tunajua vibanda vya kuchapia ambako ripoti ya utafiti hununuliwa ikiwa imekamilika, na majina ya wilaya tu ndiyo hubadilishwa. Tunajua wanaojaza hojaji mia moja usiku mmoja wakiwa kitandani. Tunajua wanaouliza kama kuna cheti kabla ya kuuliza mada. Mwanafunzi wa namna hiyo akipewa ramani ya maeneo hatari ya Bulambuli ataijaza kwa kubuni, na mtu atajenga nyumba akiiamini. Tukitaka kazi ya kweli, tukubali na aibu ya kweli pale tunapoiharibu.

Nafika kwetu sisi wa Kiswahili, tunaodhaniwa kwamba hatuna la kufanya katika suala hili isipokuwa kutunga ngonjera ya mazingira. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kitumike kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kifundishwe kwa lazima shuleni. Haya. Lugha rasmi inayosubiri kutumiwa inaweza kuanza kazi wapi kuliko mahali ambapo maafa yenyewe hayana mpaka? Ziwa Victoria ni la nchi tatu. Mlima Elgon una Waganda upande mmoja na Wakenya upande wa pili. Wavuvi, madereva wa malori, wafugaji na wafanyabiashara wa mipakani hawasubiri mtaala. Kiswahili ndicho wanachozungumza wakikutana.

Utabiri wa mvua hutolewa kabla ya kila msimu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa nchi yetu na kituo cha ICPAC cha IGAD kwa kanda nzima. Husema kwamba eneo fulani lina uwezekano wa kupata mvua juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Wastani ni nini kwa mvuvi wa Majanji au mkulima wa Busia? Wastani wa miaka mingapi? Akisikia mvua juu ya wastani, atajua kwamba inaweza kunyesha yote katika siku chache kisha ikakatika mahindi yakiwa yanachanua? Na akiambiwa asilimia 60, je, anaelewa kwamba zile 40 bado zipo, au ataita utabiri uongo mara ya kwanza utakapokosea na asiusikilize tena? Kutafsiri maneno hayo ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kwenda sokoni na mwaloni, kusoma tafsiri kwa sauti, kumwomba msikilizaji aeleze alichosikia kwa maneno yake, na kurudi kuisahihisha hadi maana ifike. Hiyo ni isimu, ni semantiki, ni nadharia ya tafsiri, na ni roho za watu. Mwanafunzi anayefanya hivyo kwa msimu mmoja amestahili shahada yake kuliko yule aliyechambua tamathali za semi katika kitabu ambacho watu thelathini wamekwisha kukichambua kabla yake.

Kwa hiyo, wahadhiri wetu na wakuu wa vyuo, madai yangu ni haya. Kwanza, kila idara iweke orodha ya matatizo yaliyoletwa na watu wa nje: wilaya, shule, ushirika wa wakulima, uongozi wa mwalo, ofisi ya taka ya mji. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetaka achague humo. Pili, ripoti isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka matokeo yarudishwe kwa waliohojiwa, kwa lugha wanayoielewa, na mtu mmoja kati yao aseme kama yana manufaa. Tatu, takwimu za kila mwaka zihifadhiwe mahali pamoja ili kundi linalofuata liendeleze badala ya kurudia. Nne, vyuo vyenyewe viwe shamba la majaribio: wanafunzi waruhusiwe kukagua bili za umeme, majiko ya kantini, mitaro ya maji na jalala la chuo, na menejimenti ijibu kwa maandishi. Tano, katika kila kamati ya mazingira ya chuo wawepo wanafunzi wenye kura, si wa kupanga viti.

Hakuna hata moja kati ya haya inayosubiri mfadhili. Mvua za Machi zinakuja kama kawaida yake, na ratiba ya kuchagua mada za utafiti inakuja kama kawaida yake. Mwaka huu mambo hayo mawili yakutane. Mhadhiri atakayesoma insha hii na aanze na swali moja kwa darasa lake: ni nani nje ya geti la chuo anayeisubiri kazi mnayotaka kuandika? Asiyekuwa na jibu arudishwe akalitafute kabla ya kuidhinishiwa mada.